Pesa ya mwekezaji imeingia klabuni kwa jina gani?

SWALI: Mimi ni mwanachama wa Simba, kadi yangu ina zaidi ya miaka ishirini. Tawini kwetu kila tukikaa ugomvi ni uleule. Wapo wanaosema klabu imeuzwa kwa bei ya chee, Sh bilioni 20 kwa asilimia 49. Wapo wanaosema tunyamaze, bila tajiri tutatembeza bakuli kama watani wetu Yanga walivyotembeza. Mimi nina maswali yangu. Kama wanachama tuna asilimia 51, mbona hatuulizwi lolote kuhusu kocha wala usajili? Nikitaka kuuza hisa yangu, naweza? Siku mwekezaji akichoka akaondoka, atatudai? Kuna mzee wetu hapa tawini anaogopa hata jengo la klabu pale Msimbazi litakwenda. Nisaidie nielewe, maana mkutano mkuu ukifika nataka nisimame na hoja, si hasira.

JIBU: Ndugu yangu mwanachama, swali lako nimelisoma mara mbili, na sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae nikujibu kwa urefu. Mwanachama anayetaka hoja ni hazina ya klabu, hata kama viongozi wakati mwingine wanamwona msumbufu.

Ukiyachuja maneno yote ya tawini, mnagombania jambo moja tu: kitu mlichoachiwa na wazee bado ni chenu, au siku hizi mnakishangilia kikiwa cha mtu mwingine? Ni swali halali, na kuliuliza si kumtukana mtu. Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Maisha yangu ya kazi yamepita nikisoma vitabu vya kampuni, kubwa na ndogo, na chache kati ya hizo ni klabu za mpira. Kwa hiyo nitakujibu kutoka kwenye vitabu.

Kuna kosa ambalo pande zote mbili za kijiwe chenu zinalifanya. Wote mnauliza tajiri katoa kiasi gani. Anayempenda anataja kikubwa, asiyempenda anataja kidogo, mnakesha. Kwa mkaguzi, kiasi ni swali la pili. La kwanza ni hili: pesa hiyo ilipoingia, iliandikwa kwa jina gani? Bilioni moja inaweza kuingia akaunti ileile, siku ileile, kutoka kwa mtu yuleyule, na bado ikawa kitu kimojawapo kati ya vinne visivyofanana hata kidogo.

Ikiandikwa mtaji wa hisa, mwenye pesa amenunua sehemu ya kampuni. Hawezi kuja kesho kusema nirudishieni changu. Kampuni ikifilisika, yeye anasimama mwisho wa foleni, nyuma ya wachezaji, TRA, benki na kila anayedai. Ikiandikwa mkopo, hali inageuka: sasa naye ni mdai, na siku ya kuondoka anaondoka na karatasi mkononi. Ikiandikwa udhamini, amenunua bidhaa, yaani nafasi ya jina lake kifuani mwa jezi au ukutani mwa uwanja, na akishalipa hadai kitu, ila nanyi mmekwisha kuiuza nafasi hiyo. Ikiandikwa zawadi, imekwisha, mna deni la shukrani peke yake.

Uwanjani hizi zote zinafanana. Bao la straika aliyesajiliwa kwa mkopo ni tamu kama la aliyesajiliwa kwa zawadi. Tofauti huonekana siku mtu anapobeba mkoba wake.

Miaka ya nyuma niliitwa kusoma vitabu vya klabu moja ya mkoani, ya daraja la chini. Mfadhili wao alikuwa amelipa mishahara misimu mitatu mfululizo, wanachama wakimwimba kila Jumamosi. Nilipofungua vitabu nikakuta kila senti imeandikwa "mkopo kutoka kwa mwenyekiti", bila mkataba, bila tarehe ya kulipa, bila neno lolote kuhusu riba. Sidhani bwana yule alikuwa na nia mbaya. Nadhani mhasibu wao alitafuta pa kuiandika pesa, akaiandika hapo. Lakini siku alipokosana na kamati, karatasi ilikuwa upande wake. Klabu iliuza basi lake ili imlipe sehemu. Nimelikumbuka basi lile kila ninaposikia mashabiki wakisema "tajiri anamwaga pesa".

Usidhani ni mambo ya mikoani tu. Chelsea ya London ilinunuliwa na Roman Abramovich mwaka 2003, na dunia nzima ikaona mtu anayegawa. Kwenye vitabu, sehemu kubwa ya pesa ile ilikuwa mkopo, na hadi 2022 ulikuwa umefika takribani pauni bilioni 1.5. Vita vya Ukraine vilipoanza akatangaza anaiuza klabu na kwamba deni hilo hatalidai. Siku chache baadaye serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo. Klabu ikauzwa mwaka huohuo kwa pauni bilioni 2.5 kwa wenye mali wapya. Tazama jinsi usalama wa klabu kubwa vile ulivyoning'inia kwenye kauli ya mtu mmoja. Bury, klabu ya Kiingereza iliyoanzishwa 1885, haikuwa na bahati hiyo: Desemba 2018 ilipata mmiliki mpya aliyeinunua kwa pauni 1, na Agosti 2019 ilifukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuonyesha ina pesa za kujiendesha.

Sasa twende Msimbazi. Desemba 2017 wanachama walitangaziwa kwamba mfanyabiashara Mohammed Dewji ameshinda zabuni ya uwekezaji kwa Sh bilioni 20, na kanuni za serikali zikaweka mpaka: mwekezaji asivuke asilimia 49, wanachama wabaki na 51. Baadaye mchakato ukapita pia kwenye Tume ya Ushindani, FCC. Ilikuwa bei ya chee? Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Kama bilioni 20 ni asilimia 49 ya kampuni, basi kampuni nzima ina thamani ya bilioni 40.8. Ndani ya thamani hiyo zimo bilioni 20 zenyewe zilizoletwa. Ziondoe, zinabaki bilioni 20.8. Hiyo ndiyo bei iliyowekwa kwenye kila kitu kilicholetwa na wanachama: jina, nembo, rangi nyekundu na nyeupe, mashabiki, na historia tangu 1936. Tawini mnapaswa kujadili bilioni 20.8, kwa sababu hiyo ndiyo thamani mliyopewa ninyi.

Anayesema ni chee ana hoja. Mwaka 2022 Simba ilisaini udhamini wa jezi na kampuni ya kubashiri ya M-Bet wa Sh bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Kifua cha jezi peke yake, kwa miaka mitano, kimezidi bei ya asilimia 49 ya klabu nzima. Lakini anayempinga naye ana jibu, na ni jibu zito: mkataba ule ulikuja baada ya ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18, na baada ya robo fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika. Mdhamini alilipa bei ya Simba ya 2022, iliyojengwa kwa pesa za uwekezaji. Simba ya 2017 ilikuwa imekaa miaka mitano bila ubingwa wa ligi. Mimi kwa maoni yangu bei haikuwa ya kuibiwa, ila ilikuwa ya mtu mwenye haraka. Muuzaji aliye na njaa hapati bei nzuri, hata kama mali yake ni dhahabu.

Hesabu yote hiyo inasimama kwa sharti moja: kwamba bilioni 20 zimeingia kampuni kama mtaji mpya. Mtu akihesabu ndani yake mishahara iliyokwisha kulipwa na usajili uliokwisha kufanyika, hesabu inakuwa nyingine kabisa, kwa kuwa pesa iliyokwisha kutumika haiwezi tena kujenga hosteli ya vijana. Mwaka 2021 mfano wa hundi ya bilioni 20 ulionyeshwa hadharani, na watu walifurahi, nami sioni ubaya wa kufurahi. Ila hundi kubwa ya picha ni ya magazeti. Ushahidi wa mkaguzi ni mstari mmoja kwenye mizania iliyokaguliwa, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji wa kampuni, ulioandikwa "mtaji wa hisa". Omba kuuona mstari huo.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu nitakalosema sijalisikia kijiweni kokote. Mpaka wa asilimia 49 unawalinda, nami nauunga mkono. Lakini unafunga mlango mmoja kati ya ile minne. Tuseme mwekezaji amekwisha kufika 49, na msimu ujao anataka kuongeza bilioni 4.9 za usajili. Zikiingia kama hisa mpya, wanachama nanyi lazima mlete bilioni 5.1 ili mbaki na 51 yenu. Mtazitoa wapi? Kwenye ada za kadi? Haiwezekani. Kwa hiyo mlango wa mtaji umefungwa, na pesa ya ziada italazimika kupita kwenye milango mitatu iliyobaki: mkopo, udhamini au zawadi. Yaani kanuni ileile inayowalinda msinyang'anywe klabu ndiyo inayoisukuma pesa kuelekea kwenye mkopo. Hakuna anayewalaghai, ndivyo mfumo ulivyo. Basi mwanachama makini, akishahakikisha zile bilioni 20, anahamisha macho yake huko.

Kwenye mkopo, uliza mambo machache. Una riba? Unadaiwa lini? Umewekewa dhamana gani? Mkopo usio na riba, unaolipwa tu klabu ikipata faida, na usiogusa jengo wala haki za wachezaji, ni msaada wa kweli hata kama unaitwa mkopo. Mkopo wa kudaiwa wakati wowote ni kisu kilicholazwa mezani. Na hilo ndilo jibu la swali lako la kuondoka. Mwekezaji akiondoka, hisa zake hatazidai kwenu, atatafuta mnunuzi. Kilichoandikwa mkopo ndicho atakachodai. Kwa hiyo nenda ukaulize pia kama mkataba wa wanahisa unawapa wanachama haki ya kwanza ya kununua, au walau ya kumkataa mnunuzi wasiyemtaka.

Kwenye udhamini, angalia bei. Mwenye hisa akiwa pia na bidhaa sokoni, si dhambi jina lake likae kwenye jezi au kwenye uwanja wa mazoezi wa Bunju. Swali ni kama klabu imelipwa kile ambacho mgeni angelipa. Mfano rahisi: nafasi ya jezi sokoni ina thamani ya bilioni 5, kampuni ya mwenye hisa inalipa bilioni 2. Hizo bilioni 3 zilizopungua zimetoka kwenye kampuni yenye wenyewe wawili, na asilimia 51 ya hasara ni yenu. Ligi Kuu ya England ililiona tatizo hili ikaweka kanuni mwishoni mwa 2021: mikataba kati ya klabu na kampuni zilizo karibu na mmiliki lazima ipimwe kwa bei halali ya soko. Ninyi hamhitaji kusubiri kanuni. Ombeni tu kwamba mkataba wa aina hiyo ukijadiliwa kwenye bodi, mwenye maslahi atoke nje ya chumba, na bei yake isomwe kwenye mkutano mkuu. Hilo linamlinda hata mwekezaji mwenyewe dhidi ya maneno ya watu.

Nije kwenye ile 51, maana hapo ndipo wanachama wengi wanaumia moyo. Umeuliza mbona hamuulizwi kuhusu kocha. Jibu ni kwamba hata mngekuwa na asilimia 100 msingeulizwa. Mwenye hisa anapiga kura kwenye mkutano mkuu: kuchagua wakurugenzi, kupitisha hesabu, kumteua mkaguzi. Kocha na wachezaji ni kazi ya bodi na watendaji. Kampuni ambayo wenye hisa wanapanga kikosi haifiki mbali, na wewe uliyeishi enzi za kamati za usajili zenye watu ishirini unajua ninachosema. Kwa hiyo nguvu yenu mnayoitafuta kwenye benchi la ufundi ipo kwenye viti vya bodi. Wanachama mna viti vingapi? Nani anawateua wanaovikalia? Wakiwaangusha, mnawaondoaje? Klabu inaweza kuwa na 51 nzuri kwenye karatasi, ikawakilishwa kwenye bodi na watu ambao hawajawahi kuleta taarifa hata moja tawini. Hapo 51 inakuwa pambo.

Na kuna jambo jingine la kisheria ambalo wanachama huwa hawaambiwi. Kwenye Sheria ya Kampuni ya Tanzania, Sura ya 212, maamuzi ya kawaida yanapita kwa wingi wa kura, na hapo 51 inatosha. Lakini maamuzi mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, yanahitaji robo tatu ya kura. Fanya hesabu: 51 haifiki 75. Maana yake ninyi peke yenu hamuwezi kubadili katiba ya kampuni, na yeye peke yake hawezi. Mmefungwa pamoja kama ng'ombe wawili wa nira moja. Kwa hiyo kilichoandikwa siku ya kwanza ndicho kitakachotawala miaka mingi, na kukirekebisha baadaye kutahitaji ridhaa ya mwenzenu. Ndiyo maana ninawasihi msome sasa.

Kuhusu kuuza hisa yako: ndugu yangu, kadi yako si hisa. Zile 51 zinashikwa na klabu kwa niaba ya wanachama wote, kwa mkupuo mmoja. Wewe una kura ndani ya klabu, na klabu ina kura ndani ya kampuni. Huwezi kuuza kipande chako, wala mjukuu wako hawezi kukirithi. Najua wengine wanasikia hivyo wanaona wamedhulumiwa. Mimi naona ndiyo kinga yenu. Hisa zingegawiwa kwa mwanachama mmoja mmoja, ada ya shule ya Januari ingefika na nusu ya hisa za Temeke zingeuzwa kabla ya Pasaka, na mnunuzi angekuwa mtu mmoja mwenye subira. Usitegemee gawio pia. Klabu za mpira, hata tajiri za Ulaya, ni nadra kugawa faida, kwa kuwa ikipatikana inaliwa na usajili.

Mtauliza basi kwa nini tusikae wenyewe, bila mwekezaji. Tazameni mapato. Mkataba wa Azam Media wa 2021 kwa haki za matangazo ya ligi ni Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ni mkubwa kuliko wowote uliotangulia hapa kwetu. Lakini gawanya kwa miaka 10, kisha kwa klabu 16: hata kama zote zingekwenda kwa klabu kwa usawa, ni kama bilioni 1.4 kwa klabu kwa mwaka. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, nafasi ya pili ilikuwa na dola milioni 1. Milangoni mnakusanya, lakini Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ni mali ya serikali, si yenu. Mapato ya namna hiyo hayatoshi kuwania Afrika na klabu za Cairo na Morocco. Pengo lazima lizibwe na mtu.

Zamani lilizibwa na mfadhili, na hapo naomba mzee wenu wa tawini anisikilize. Hatukuwahi kuwa na enzi ambayo wanachama walijiendesha kwa kadi zao. Kilichokuwepo ni matajiri wasio na mkataba. Marehemu Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga Mei 2017, watani walianguka kifedha kwa kasi, na msimu wa 2018/19 wakachangishana hadi kocha wao Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele kuhamasisha michango. Tuliwacheka, na utani ni utani. Lakini lile lilikuwa funzo kwetu sote kuhusu pesa isiyo na jina. Baadaye wakapata mgongo wa GSM kama mdhamini, wakarudi juu. Udhamini nao una tarehe ya mwisho. Waulize Gor Mahia na AFC Leopards: SportPesa ilipojiondoa Kenya mwaka 2019 baada ya mvutano wa kodi, zilibaki zikihangaikia mishahara.

Njia nyingine zipo. Azam FC ni ya familia ya Bakhresa moja kwa moja, ina uwanja wake Chamazi, ilitwaa ubingwa 2013/14 bila kufungwa, na hakuna mkutano mkuu wa kugombana. Ni mfumo safi, lakini haukujengwa juu ya urithi wa watu wengine, kwa hiyo haufai kwa Simba wala Yanga. Wajerumani wana kanuni ya wanachama kubaki na kura zaidi ya nusu, na Bayern Munich wamekwenda mbali zaidi: wanachama wana asilimia 75, na Adidas, Audi na Allianz kila mmoja ana kama 8.3. Mfano huo ndio ninaoupenda, hasa kwa sababu wenye hisa wadogo ni watatu na hakuna aliye mkubwa kuliko mwenzake. Ila Bayern waliuza wakiwa tayari matajiri. Kuhusu soko la hisa, Borussia Dortmund waliingia mwaka 2000, na kufikia 2005 walikuwa ukingoni mwa kufilisika. Soko linaleta pesa na linalazimisha hesabu ziwe wazi, halileti busara ya kuzitumia.

Kwa hiyo mimi si wa "tumeuzwa" wala si wa "tunyamaze". Muundo wa 51 kwa 49 ni wa heshima. Unafaa ukisimamiwa na wanachama wanaosoma.

Kusoma huko kunahitaji hati tatu: katiba ya klabu, katiba ya kampuni, na mkataba wa wanahisa. Ya nne ni hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Katiba ya klabu ni haki yako kama mwanachama. Taarifa za kampuni, yaani wakurugenzi ni akina nani na hisa zimeandikwa kwa majina gani, mtu yeyote anaweza kuziomba BRELA, kwa msajili wa kampuni, kwa kulipia ada ya upekuzi. Usiende na tarakimu za mitandaoni kwenye mkutano mkuu ilhali za msajili zinapatikana.

Lakini kuna mahali ambapo maelezo yangu haya hayatoshi, wala ya mchambuzi yeyote wa redio. Mkataba wa wanahisa ni hati ya mawakili, na neno moja ndani yake linaweza kugeuza maana ya ukurasa mzima. Mkiupata, msiusome tawini kwa kupokezana. Changeni matawi matano au sita, mtafute wakili anayefanya kazi za kampuni, na mhasibu mwenye CPA asiye na cheo klabuni wala asiyetafuta cheo, wakae nao mezani na karatasi mbele yao. Fanyeni hivyo kabla ya mkutano, si baada ya kupiga kura. Na mkiona hesabu zimepita miaka miwili bila kukaguliwa, au kiongozi anakataa kusema mikopo ya klabu inadaiwa na nani, hapo msisubiri mkutano mkuu. Andikeni barua rasmi kwa bodi, nakala kwa Msajili wa Vyama vya Michezo.

Nimemwacha mzee wa tawini mwisho kwa makusudi, kwa sababu hofu yake ndiyo rahisi kuliko zote kuithibitisha au kuiondoa. Jengo la Msimbazi linaweza kuwekwa mahali ambapo hakuna mwekezaji wala mdai atakayelifikia: mikononi mwa bodi ya wadhamini wa klabu (wanaoshika mali kwa niaba yenu, si wadhamini wa jezi) waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, nje kabisa ya kampuni. Mashabiki wa Chelsea walifanya jambo la namna hiyo tangu 1993. Ardhi ya uwanja wao wa Stamford Bridge, pamoja na jina la Chelsea FC, vinamilikiwa na kampuni ya mashabiki wenyewe. Oktoba 2011 klabu ilipotaka kuinunua tena ardhi hiyo, Abramovich akiwa ndiye mmiliki, ilihitaji asilimia 75 ya kura. Ilipata 61.6. Ardhi ikabaki, na ilikuwa bado ya mashabiki siku tajiri alipoondoka.

Mwulize mzee kama anaikumbuka namba ya kiwanja. Kisha mwende naye ofisi ya Msajili wa Hati, mlipie upekuzi, msome wenyewe hati imeandikwa kwa jina la nani, na kama kuna benki yoyote iliyoiandikisha kama dhamana. Chukueni nakala yenye mhuri. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kwenda nayo mkutanoni, na naomba yeye ndiye aishike.